Magamba ya Dawati la Nyuma: Historia Fupi ya Kalsiamu na Ngozi Yetu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika hapa kabla ya mitihani, nikaahidi kurudi "wiki ijayo", na hiyo wiki ijayo yenyewe ndiyo hii. Mnisamehe. Maisha ya chuo mnayajua: asubuhi leksha, mchana foleni ya chakula, jioni semina, usiku madesa, na katikati yake unasubiri bumu kama mkulima wa Dodoma anavyosubiri mvua.

Leo sina stori za bumu. Nina asaimenti moja na deni moja.

Asaimenti ni hivi. Mhadhiri wetu wa historia ya sayansi alituambia kila mmoja achague kitu kimoja kidogo kilichomo kwenye kitabu cha baiolojia, halafu aeleze kilifikaje humo kitabuni. Alisema mwalimu anayefundisha majibu bila kujua nani aliuliza swali, na alikosea mara ngapi, anafundisha kukariri tu. Wenzangu wakachagua mzunguko wa damu, chanjo, malaria. Mimi nikachagua protini zinazoshika kalsiamu kwenye ngozi, na ugonjwa wa soriasisi. Rumumeti wangu akacheka sana: "We dada, topiki zote hizo ukaona hiyo?" Nikamwambia tulia, ina sababu yake. Sababu ndiyo deni lenyewe.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata, sehemu ya baridi, kidato cha pili. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70, wanabanana watatu watatu kwenye madawati ya wawili, isipokuwa dawati moja la nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Hapo alikaa kijana mmoja peke yake. Siku ya kwanza nilidhani ni mtukutu, kawekwa pale kwa adhabu. Siku ya pili alikunja mikono ya sweta kuandika, nikaona viwiko vyake. Vilikuwa na mabaka meusi yenye mipaka kabisa, na juu yake magamba meupe yanayong'aa kama fedha, mengine yanadondoka kwenye daftari. Wenzake walimwita Magamba. Wengine walisema ni ukoma.

Siku moja baada ya kipindi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Madam, wewe si ndiye wa baiolojia? Hii kitu yangu inaambukiza?"

Nilikuwa na haraka. Andalio la somo lilikuwa halijakamilika na msimamizi wangu alikuwa anakuja kunikagua kesho yake. Nikamjibu hivi, namnukuu mimi mwenyewe: "Hiyo itakuwa fangasi. Tafuta dawa upake, na kwa sasa endelea kukaa hapo hapo peke yako usije ukawaambukiza wenzako." Akasema asante madam, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja shule. Na iliyofuata. Mazoezi yakaisha, nikapata A yangu, nikarudi chuo.

Muhula huu, kwenye leksha ya tishu, mhadhiri akaonyesha picha ya kiwiko. Nikashika kalamu nikasahau kuandika. Kilikuwa ni kiwiko kile kile, mabaka yale yale, magamba yale yale ya fedha. Chini yake pameandikwa soriasisi. Na mhadhiri akasema, kama mtu anayetaja kitu cha kawaida tu: huu ugonjwa hauambukizi.

Basi twendeni kwenye historia. Nimejitahidi kuiandika kwa lugha ambayo hata watu wa Kiswahili na Jiografia hawatanikimbia.

Kwanza mjue kwamba kosa langu lina wazee wake. Kwa karne nyingi Ulaya watu wenye soriasisi walichanganywa na wenye ukoma, wakatengwa nao. Robert Willan, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mzuri katika kazi aliyoikamilisha mwaka 1808. Tatizo ni kwamba aina mojawapo aliiita lepra, neno la Kigiriki la magamba, ambalo tayari watu walikuwa wanalitumia kwa ukoma. Hivyo mchanganyiko ukaendelea. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1841, Ferdinand von Hebra wa Vienna, alipolitoa kabisa hilo jina na kusema huu ni ugonjwa mmoja, unaitwa soriasisi, na ukoma ni kitu kingine. Baadaye, mwaka 1873, Gerhard Hansen wa Bergen kule Norway akamwona bakteria wa ukoma kwa darubini. Ukoma ukapata bakteria wake. Soriasisi haikupata wa kwake, kwa sababu hana.

Sasa kama hakuna mdudu, magamba yanatoka wapi? Hapo ndipo kalsiamu inapoingia, na inaingia kwa mlango ambao hamuutarajii: moyo wa chura.

Mwaka 1883 daktari Mwingereza Sydney Ringer alikuwa anapima jinsi moyo wa chura unavyodunda ukiwa nje ya mwili, kwenye maji yenye chumvi. Ulidunda vizuri. Lakini ikagundulika kwamba maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba la London, sio yaliyosafishwa kwa kukenekwa. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ukasimama. Akatafuta tofauti, akaikuta: maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Mpaka hapo watu walijua kalsiamu ni ya mifupa na meno. Ringer akaonyesha kwamba ni ujumbe pia, seli inaipokea na kufanya kazi. Yaani ugunduzi mkubwa umetoka kwenye maji ya bomba. Nikikumbuka maji ya hosteli yetu, sijui tungegundua nini.

Ila ujumbe unahitaji mpokeaji. Nani ndani ya seli anaishika hiyo kalsiamu? Jibu lilikuja polepole, na watu waliolipata wengi walikuwa wanatafuta vitu vingine. Mwaka 1965 Blake Moore, Mmarekani, alikuwa anachambua ubongo wa ng'ombe akitafuta protini za mishipa ya fahamu. Akapata protini ndogo ambayo ilibaki imeyeyuka hata kwenye mmumunyo wa salfeti ya amonia uliokolea kwa asilimia 100, wakati protini nyingi zingine zingeganda na kuzama. Akaiita S100, kwa maana ya kuyeyuka kwenye asilimia mia. Hilo ndilo jina, hakuna siri nyingine. Baadaye ikajulikana kwamba S100 inashika kalsiamu.

Mwaka 1973 Robert Kretsinger na mwenzake Nockolds wakaonyesha jinsi mkono unaoshika kalsiamu unavyofanana. Walitumia protini ya misuli ya samaki aitwaye karpi. Waliona vipande viwili vya protini vilivyojikunja kama springi, kimoja walikiita E na kingine F, vimesimama kama kidole cha shahada na kidole gumba, na katikati pana kijitanzi ambacho chembe ya kalsiamu inakaa. Jaribuni sasa hivi hapo mlipo: nyoosha kidole cha shahada na gumba, halafu fikiria punje ya mchele imebanwa pale katikati. Muundo huo umekutwa kwenye mamia ya protini. Kalsiamu ikikaa, protini inabadilika umbo, na sehemu iliyokuwa imejificha inajitokeza na kugusa protini nyingine. Ni kama swichi ya taa.

Ngozi sasa. Hapa naomba nitumie lugha ya walimu.

Tabaka la juu la ngozi ni kama shule. Chini kabisa kuna darasa la kwanza, ambako seli zinazaliwa kwa kugawanyika. Kila seli ikizaliwa inasukumwa kwenda juu, darasa baada ya darasa. Njiani inabadilika: inaacha kugawanyika, inajaza protini ngumu, inajijengea ukuta, mwishoni inapoteza kiini chake na kufa. Seli iliyokufa ndiyo mhitimu. Imekuwa kigae kigumu kinachozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Kukomaa huku, kutoka seli laini inayozaa hadi kigae kilichokufa, huchukua takribani mwezi mmoja hivi. Ndiyo maana mtoto akikwaruzwa goti haponi kesho yake.

Nani anapiga kengele ya kubadilisha darasa? Watafiti hawakuweza kujibu mpaka walipoweza kuotesha seli za ngozi kwenye sahani. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walifanikiwa kuotesha seli za ngozi ya binadamu kwa muda mrefu. Halafu mwaka 1980 Henry Hennings, Stuart Yuspa na wenzao wa taasisi ya saratani ya Marekani wakachapisha jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Walichukua seli za ngozi ya panya, wakaziweka kwenye maji lishe yenye kalsiamu kidogo mno, chini ya milimoli 0.1 kwa lita. Zikaendelea kuzaana tu, kila moja kivyake, zimetandaa kama watoto wa chekechea uwanjani. Wakaongeza kalsiamu kufikia zaidi ya milimoli 1. Ndani ya saa chache seli zikaanza kushikana mikono, zikaacha kuzaana, zikaanza kupandana na kukomaa. Hawakuongeza kitu kingine. Kengele ilikuwa ni kalsiamu.

Lakini hiyo ni sahani. Je, kwenye ngozi yenyewe? Mwaka 1985 Gopinathan Menon na Peter Elias wa San Francisco, pamoja na wenzao, wakatumia mbinu ya kuigandisha kalsiamu pale pale ilipo na kuitazama kwa darubini ya elektroni. Wakakuta ngazi: chini kwenye darasa la kwanza kalsiamu ni kidogo, inaongezeka kadiri unavyopanda, na inakuwa nyingi kabisa kwenye tabaka la chembechembe, lile la mwisho kabla seli haijafa. Kwa hiyo seli inajua iko darasa la ngapi kwa kuonja kalsiamu inayoizunguka.

Na kazi ya kalsiamu pale juu ni nyingi. Protini zinazounganisha seli na seli zinahitaji kalsiamu ili zisiachane. Kimeng'enya cha transglutaminasi, ambacho kinashona ukuta wa seli inayokomaa, hakifanyi kazi bila kalsiamu. Hata profilagrini, protini kubwa ambayo baadaye inakatwa vipande na kuipa ngozi uimara na unyevu, kichwa chake kina mkono wa kushika kalsiamu unaofanana na ule wa familia ya S100. Ushahidi mwingine ukaja mwaka 1999 na 2000: magonjwa mawili ya kurithi ya ngozi, la Darier na la Hailey na Hailey, yote yakakutwa yanasababishwa na kuharibika kwa pampu za kalsiamu ndani ya seli. Pampu ikiharibika, seli za ngozi zinaachana.

Sasa turudi kwenye dawati la nyuma.

Kwenye soriasisi shule nzima inaharakishwa. Mwaka 1963 Eugene Van Scott na Thomas Ekel walihesabu seli zinazogawanyika kwenye mabaka, wakakuta ni nyingi kupita kiasi. Leo tunajua safari ya mwezi inamalizwa kwa siku kati ya 3 na 7. Hebu fikirini mtoto aanze darasa la kwanza Jumatatu na Ijumaa apewe cheti cha la saba. Atakuwa na cheti, lakini kusoma hajui. Seli za soriasisi ziko hivyo. Zinafika juu bado zina viini vyake, hazijamaliza kujengwa, zimeshikana kwa mafungu. Mafungu hayo ndiyo magamba ya fedha. Na mwaka 1991 Menon na Elias walipoangalia kalsiamu kwenye mabaka ya soriasisi, ile ngazi nzuri haikuwepo. Imevurugika. Tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ulaya walikuwa wameona kwamba kalmodulini, protini nyingine maarufu inayoshika kalsiamu, imezidi kwenye ngozi ya wagonjwa.

Mwaka huo huo wa 1991 ndipo likaja jina ambalo ndilo lilinifanya nichague mada hii. Kule Aarhus, Denmark, Peder Madsen, Julio Celis (mzaliwa wa Chile) na wenzao walikuwa wanatandaza protini za seli za ngozi kwenye jeli, kwa urefu na upana, kila protini inakuwa doa. Jeli ya ngozi nzima na jeli ya soriasisi wanaziweka pembeni na kulinganisha doa kwa doa. Doa moja lilikuwa dogo sana kwenye ngozi nzima na kubwa sana kwenye soriasisi. Wakaipata jeni yake, wakaisoma: protini ndogo ya asidi amino 101, ina alama za mkono wa kushika kalsiamu. Wakaiita soriasini.

Baadaye familia ikajulikana. Mwaka 1995 watafiti wa Zürich, Beat Schäfer na Claus Heizmann na wenzao, walionyesha kwamba jeni tisa za S100 zimejipanga jirani jirani kwenye kromosomu namba 1, wakazipa majina mapya kwa mpangilio. Soriasini ikawa S100A7. Yaani ndugu wa ile protini ya ubongo wa ng'ombe. Mwaka 1996 Dietmar Mischke na wenzake wakaonyesha jambo la kushangaza zaidi: jeni hizo za S100 zinaishi mtaa mmoja na jeni za vifaa vya kujengea ngozi, kina involukrini, lorikrini na filagrini. Mtaa mzima ni wa ukomaaji wa ngozi. Na mwaka 2009 timu ya Ulaya iliyoongozwa kutoka Barcelona ikakuta kwamba kukosekana kwa jeni mbili za mtaa huo huo, LCE3B na LCE3C, kunaongeza uwezekano wa mtu kupata soriasisi.

Sasa swali ambalo najua mtaniuliza: hizo protini zimezidi, sawa, ila zinafanya nini? Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba soriasini inawaita askari wa mwili, chembe nyeupe za damu, waje mahali ilipo. Hapo tukaona kwa nini mabaka yanavimba. Halafu mwaka 2005 Jürgen Harder, Jens-Michael Schröder na wenzao wa Kiel, Ujerumani, walikuja na habari njema ya upande wa pili. Walijiuliza kwa nini ngozi yetu, inayogusa uchafu kila siku, haishambuliwi ovyo na bakteria wa tumboni aitwaye E. coli. Jibu: ngozi nzima inatoa soriasini kidogo kidogo, na soriasini inamuua huyo bakteria, inavyoonekana kwa kumnyang'anya madini ya zinki. Kwa hiyo protini iliyopewa jina la ugonjwa kumbe ni mlinzi. Mimi na wewe tunayo sasa hivi mikononi. Na mabaka ya soriasisi, pamoja na nyufa zake zote, hayapati maambukizi ya bakteria mara nyingi kama mtu angetarajia. Yule kijana niliyemwambia asiwaambukize wenzake, ngozi yake ilikuwa imejaa dawa ya asili ya kuua vijidudu kuliko yangu mimi.

Hilo lilinikalisha kimya maktaba, nawaambia ukweli.

Ndugu wengine wawili wa familia hiyo, S100A8 na S100A9, wanatembea pamoja na wakiungana wanaitwa kalprotektini. Kwenye ngozi ya kawaida karibu hawaonekani, kwenye soriasisi wanafurika. Mwaka 2005 huko Vienna, mji ule ule wa Hebra, Rainer Zenz na Erwin Wagner na wenzao walizima jeni mbili kwenye ngozi ya panya wakubwa. Panya wakapata ugonjwa unaofanana na soriasisi, na S100A8 na S100A9 walikuwa kati ya waliopanda mapema, kabla magamba hayajaonekana.

Je, ina maana protini hizi ndizo chanzo? Hapana, na hapa ndipo mhadhiri wangu alinizungushia kalamu nyekundu kwenye rasimu ya kwanza. Soriasisi ina mizizi kadhaa. Jeni yenye uzito mkubwa zaidi iko kromosomu namba 6, kwenye eneo la kinga ya mwili. Chembe za kinga zinatoa ujumbe wa kemikali, mmojawapo unaitwa IL-17, ujumbe unaamsha seli za ngozi, seli zinatoa S100 kwa wingi, S100 zinaita chembe zaidi za kinga, na hizo zinatoa IL-17 zaidi. Ni duara, kama kuku na yai. Kuanzia mwaka 2015 dawa ya kwanza ya kuzuia IL-17 iliporuhusiwa Ulaya na Marekani, ikaonekana wazi: ukikata duara sehemu moja, magamba yanapungua, na hizo S100 nazo zinashuka.

Kuna sehemu nyingine ya historia ambayo ilianza kwa bahati. Mwaka 1985 Shigeto Morimoto na Yuichi Kumahara wa Osaka, Japani, walikuwa wanamtibu mgonjwa wa mifupa dhaifu kwa aina ya vitamini D. Mgonjwa huyo alikuwa na soriasisi pia. Walikuwa wanatibu mifupa, ngozi ikapona. Vitamini D ndiyo inayosimamia kalsiamu mwilini, na inaziambia moja kwa moja seli za ngozi zipunguze kuzaana na zikomae. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wadenmaki wakaleta sokoni kalsipotrioli, ndugu wa vitamini D wa kupaka, na mpaka leo inatumika. Tafadhali mtu asiende kubugia vidonge vya kalsiamu au vitamini D kwa sababu ya blogu yangu. Kalsiamu ikizidi kwenye damu ni hatari, na ikipungua sana nayo inaweza kuamsha aina kali ya soriasisi yenye usaha. Vipimo ni vya hospitali. Na zile krimu za mchanganyiko za mitaani, zenye steroidi kali zisizo na maelezo, achaneni nazo kabisa.

Huku kwetu je? Wengi tunaposikia "ngozi" tunasema fangasi, mba, ukurutu, mashilingi, basi. Lakini tangu mwaka 1992 pale KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachochukua wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na waliosoma pale wanafanya kazi hadi hospitali za mbali na miji mikubwa. Na mwezi Mei 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio linalosema soriasisi ni ugonjwa sugu, usioambukiza, unaoumiza, na ambao bado hauna tiba ya kuumaliza kabisa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2016 inataja watu wasiopungua milioni 100 duniani. Ripoti hiyo hiyo inazungumzia sana kutengwa. Nikaisoma sehemu hiyo mara mbili.

Juzi nikapiga simu kwa mwalimu mmoja wa shule ile, tuliyekuwa tunakaa naye ofisini. Nikamuuliza yule kijana. Akasema alikaa nyumbani karibu muhula mzima, halafu mama yake akampeleka hospitali ya mkoa, wakampa dawa, na amerudi shule. Nikauliza walisema ni nini. Akasema, "Jina gumu, inaanza na so." Nikauliza anakaa wapi darasani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pale pale."

Kwa hiyo wadau, deni ni hilo. Mwezi ujao tunaenda mazoezi ya pili na nimeomba nirudishwe shule ile ile. Sijui kama watakubali. Wakikubali, kipindi changu cha kwanza hakitakuwa cha andalio la wizara. Nitachora ile shule ya ngozi ubaoni, nitawaambia wanyooshe kidole cha shahada na gumba, nitawaeleza maji ya bomba ya London na doa la Aarhus. Halafu nitasema mbele ya wote kwamba mwaka jana mimi mwalimu wao niliulizwa swali nikajibu kitu nisichokijua, na jibu sahihi ni hapana, haiambukizi. Kwanza lakini nitamtafuta yeye pembeni, nimuulize kama anapenda lizungumzwe au la. Ngozi ni yake. Kama hataki, nitafundisha bila kumtaja na nitakaa naye kwenye lile dawati wakati wa kusahihisha madaftari. Hiyo tu naiweza.

Wasiponirudisha kule, nitaandika barua. Tayari nimeianza, iko kwenye daftari la kemia.

Na nyie mnaokwenda mazoezi: mwanafunzi akikuuliza kitu hukijui, sema "sijui, nitaangalia nikuambie kesho." Halafu kesho yake umwambie kweli. Ni sentensi fupi, ingeniokoa mimi na ingemwokoa yeye muhula mzima.

Asaimenti nimepata 15 kati ya 20. Tano zimekatwa kwa sababu, eti, hitimisho langu sio la kitaaluma. Sawa tu.

Nawaacha, maharage yananukia kuungua na rumumeti anapiga kelele jikoni. Tuko pamoja.